Kabla ya Kusaini Feloshipu ya Nje

Barua ya kukubaliwa kutoka hospitali ya nje husomwa vibaya mara nyingi. Daktari bingwa wa Bugando, KCMC au Muhimbili akiipokea, macho yake hukimbilia jina la hospitali, tarehe ya kuripoti na kiasi cha posho. Baada ya hapo ni simu: kwa mwenzi wake, kwa mama, kwa mkuu wa idara. Sentensi yenye uzito iko chini zaidi, aya ya tatu au ya nne, pale panapoelezwa mgeni ataruhusiwa kufanya nini kwa wagonjwa. Zipo barua zinazosema atatibu chini ya usimamizi. Zipo zinazosema atahudhuria raundi na kutazama upasuaji. Nyingine hazisemi lolote, na hizo ndizo za kuogopa zaidi.

Wadogo zangu kitaaluma huniletea barua hizi kabla ya kuzijibu, nami huwaambia wote jambo lilelile. Feloshipu hupimwa kwa maswali mawili. Je, sheria ya nchi unayokwenda itakuruhusu kumgusa mgonjwa? Na je, hospitali utakayorudi ina mashine, vifaa tiba na watu wa kukuwezesha kuifanya kazi uliyojifunza? Umaarufu wa hospitali, uzuri wa mji na ukubwa wa posho vinakuja baadaye sana. Mtu aliyemaliza MMed, akaendesha wodi na zamu za usiku kwa miaka, hana sababu ya kutumia mwaka mzima akichungulia juu ya mabega ya wenzake katika chumba cha upasuaji.

Utazamaji una faida zake. Mkuu wa idara anayetaka kufungua kitengo kipya atajifunza mengi kwa kuona wagonjwa wanavyopokelewa, wauguzi wanavyopangwa na vifaa vinavyotunzwa mahali pengine. Ila kazi hiyo huisha ndani ya wiki chache, na haihitaji kuhamisha watoto shule.

Uingereza ndiko njia ilikochorwa wazi zaidi kwa mtu wa kwetu. Tangu 2009 upo mpango wa Medical Training Initiative, unaowapokea madaktari wa nje kwa mafunzo kazini katika hospitali za NHS kwa muda usiozidi miezi 24, kisha warudi makwao. Chuo cha kitaaluma, kwa mfano cha madaktari wa magonjwa ya ndani au cha madaktari wa watoto, kinakudhamini mbele ya General Medical Council, ambalo ndilo baraza la madaktari la huko, na kwa udhamini huo unasamehewa mtihani wa PLAB. Viza yako inadhaminiwa na Academy of Medical Royal Colleges. Ukishasajiliwa unaandika dawa, unashika zamu, unafanya taratibu ulizoidhinishiwa, na unalipwa kama daktari ama na hospitali inayokupokea au na mfadhili wako.

Masharti yake yanasomeka kwa urahisi, lakini lipo moja linalowaangusha wasiotarajia. Baraza linataka uwe umefanya kazi ya udaktari miaka 3 kati ya 5 iliyopita, na miezi 12 ya mwisho iwe miongoni mwake. Bingwa aliyehamishiwa wizarani akawa anaandika miongozo, au aliyejifungia kumalizia tasnifu ya uzamivu, anaweza kukataliwa huku mwenzake wa hospitali ya mkoa akipita. Kama unajua utaomba, usiiache kliniki hata kama cheo kipya kinakuvuta mezani. Kiingereza nacho kinapimwa: IELTS ya kitaaluma kwa wastani wa 7.5 bila kushuka chini ya 7 katika sehemu yoyote, au OET daraja B katika kila sehemu. Huwa tunaidharau hii kwa kuwa tumesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, na sehemu ya kuandika ndiyo inayotuadhibu. Pia baadhi ya vyuo husimamisha kupokea maombi kwa vipindi, hivyo hakikisha dirisha liko wazi kabla hujatumia fedha kwenye mtihani.

Marekani ina milango mingine kabisa. Ili umtibu mgonjwa huko unahitaji cheti cha ECFMG, ambacho hakipatikani bila kufaulu hatua mbili za mtihani wa USMLE, na feloshipu nyingi za kliniki zinamtaka mtu aliyefanya mafunzo yake ya ubingwa hukohuko au Kanada. MMed yetu, kwa ubora wake wote, kwa kawaida haihesabiwi. Ndiyo maana nafasi nyingi wanazopewa madaktari wetu kule ni za utafiti au za kutazama, hata zikiandikwa feloshipu kwa herufi kubwa. Atakayepata nafasi ya kliniki kwa viza ya J-1 atahitaji barua ya Wizara ya Afya ya nchi yake inayothibitisha kuwa utaalamu huo unahitajika nyumbani, na akimaliza atatakiwa kuishi kwao miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi au aina fulani za viza za kazi. Hataruhusiwa kufanya kazi ya pembeni. Na tangu 2025 sera za viza za nchi hiyo zimekuwa zikibadilika haraka, kwa hiyo ushauri wa kaka aliyekwenda miaka mitano nyuma usiutegemee.

India inapokea madaktari wetu wengi, na kwa sababu za maana. Wagonjwa ni wengi, gharama za maisha ziko chini, na hakuna mtihani mrefu wa Kiingereza. Lakini hapo ndipo swali la kwanza linapotakiwa kuulizwa kwa sauti. Baraza la udaktari la India, National Medical Commission, hutoa kibali cha muda kwa daktari wa nje anayejifunza chini ya usimamizi. Muulize mwenyeji wako kama atakuombea kibali hicho, kwa jina lako, kabla hujafika. Asipotoa jibu lililonyooka, umekwishajibiwa. Uliza vilevile ni taratibu ngapi feloo aliyetangulia alizifanya kwa mkono wake mwenyewe, kisha mtafute feloo huyo umuulize yeye. Na ujue kwamba mgonjwa wa Chennai atakueleza maumivu yake kwa Kitamil. Kwa daktari wa upasuaji hilo ni usumbufu mdogo. Kwa daktari wa magonjwa ya akili linaweza kuua mafunzo yote.

Afrika Kusini ndiko nilikoona swali la pili, lile la kurudi, likichukuliwa kwa uzito. Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na hospitali ya watoto ya Red Cross War Memorial, kimekuwa kikiendesha kwa miaka mingi mpango wa kuwafunza mabingwa bobezi wa watoto kutoka nchi za Afrika. Mtu hajipeleki. Hospitali au chuo chake ndicho kinachompendekeza na kueleza atakaporudi atafanya kazi gani, wapi, na nani. Mafunzo yanafanyika kwa wagonjwa wanaofanana na wetu, wenye kifua kikuu, wenye utapiamlo, waliochelewa kufika, na kwa bajeti isiyo ya Boston. Nikiambiwa nichague kati ya miaka 2 ya Cape Town na mwaka 1 wa kutazama Ulaya, sihitaji usiku wa kufikiri.

Hilo la kurudi lina ushahidi hapa nyumbani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza 2015, ina daktari wa upasuaji wa moyo wa watoto, Godwin Godfrey, aliyesomea Wolfson Medical Center mjini Holon, Israel, kupitia shirika la Save a Child's Heart. Angerudi peke yake na ujuzi wake, ungeoza. Mtoto mwenye tundu la moyo hatibiwi na mkono wa mpasuaji pekee. Anahitaji daktari wa usingizi aliyezoea watoto, mtaalamu wa kuendesha mashine ya moyo na mapafu, wauguzi wa wodi ya uangalizi maalumu wanaojua dalili za saa 24 za kwanza, na daktari wa kusoma picha za moyo. Shirika hilo huwafunza watu wa nafasi hizo pia. Novemba 2017, Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini, wenyeji walikuwa wamepitia mafunzo India wakiwa timu, na wataalamu wa hospitali ya BLK ya New Delhi walikuja kusimama nao mezani.

Tiba radiolojia ilikwenda njia ya kinyume. Tangu 2018 wataalamu wa kujitolea, kuanzia na wa Chuo Kikuu cha Yale, wamekuwa wakija Muhimbili kwa zamu kuwafundisha Watanzania palepale, kwa mashine zilezile watakazozitumia kesho, hadi MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ikafungua shahada yake ya ubingwa bobezi katika fani hiyo. Nani aliyesema mafunzo lazima yavuke bahari? Kabla hujaandika barua hata moja nje, tazama kinachofundishwa MUHAS na Aga Khan ya Nairobi. Kuna watu wamekwenda mbali kutafuta kitu kilichokuwa Upanga.

Kwa hiyo, barua ya kukubaliwa ikifika, barua ya kwanza kuandika ni kwa mkurugenzi wako. Chukua mfano wa anayekwenda kujifunza ERCP, ule utaratibu wa kufungua njia ya nyongo kwa kamera. Hospitali inayo kamera ya aina hiyo, ile ya kuona kwa pembeni, au tunayo ya kawaida tu? Chumba kina mashine ya eksirei ya wakati huohuo? Nani atakayenunua nyaya na mirija inayotumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa, na je, Bohari ya Dawa inavyo kwenye orodha yake au tutategemea sanduku la msaada? Muuguzi gani atajifunza nawe? Mkurugenzi akijibu kwa maandishi, una feloshipu yenye nyumba ya kufikia. Akijibu kwa mdomo kwamba "mambo yatakuwa sawa, wewe nenda", jua kwamba wakurugenzi huhamishwa.

Sasa makaratasi. Kanuni ninayowapa watu ni fupi: nyaraka zinazochelewa na zisizoisha muda zitangulie, zinazoisha haraka zije mwisho. Uhakiki wa shahada ni wa kundi la kwanza. Uingereza hutumia mfumo wa EPIC, unaowasiliana moja kwa moja na chuo kilichokupa shahada. Chuo kisipojibu, faili lako halisogei. Hapa historia ya vyuo vyetu inaleta mikwamo. Aliyehitimu Muhimbili kabla ya 2007 shahada yake ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu MUHAS ilikuwa bado chuo kishiriki. Wapo wa Moshi wenye vyeti vya Tumaini, na wa Mwanza wenye vya Mtakatifu Augustino. Hakikisha ombi limeelekezwa kwenye ofisi sahihi, kisha nenda mwenyewe kwa msajili ukamwambie kuna barua pepe inakuja. Kwenda kwa miguu kunaokoa miezi.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, pasipoti ina tahajia nyingine, na cheti cha ndoa kimeongeza la nne. Kwetu hakuna anayeshangaa. Mkaguzi aliyeko Philadelphia au Manchester anaona watu wawili tofauti. Pitisha nyaraka zote mezani siku moja, andika tofauti zote, ufanye hati ya kiapo kwa wakili na kurekebisha kinachorekebishika kabla ya mtu wa nje kuona lolote. Waliofunga ndoa ya kidini au ya kimila wahakikishe wana cheti cha serikali, maana viza ya mwenzi haitolewi kwa picha za harusi.

Kundi la mwisho ni zile zinazooza. Cheti cha Baraza la Madaktari Tanganyika kinachothibitisha kuwa huna kosa la kitaaluma hukubaliwa na Waingereza kikiwa na umri wa chini ya miezi 3. Cheti cha kipimo cha kifua kikuu, kinachodaiwa kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi 6, hudumu miezi 6. Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2. Ukianza na cheti cha baraza kwa kuwa ofisi iko karibu, utakiomba tena.

Kitu kingine kinachosahaulika ni afya yako mwenyewe. Hospitali itataka ushahidi wa kinga dhidi ya surua, tetekuwanga na homa ya ini aina ya B, na mpasuaji atapimwa pia VVU na homa ya ini aina ya C. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa mara 3 ndani ya miezi 6, kisha kiwango cha kinga hupimwa. Wengi wetu tulichanjwa tukiwa wanafunzi na kadi zilipotea zamani.

Fedha hapa zitaumiza, na hazionekani kwenye barua. Chukua daktari anayekwenda Uingereza miaka 2 na mwenzi na watoto 2. Tozo ya huduma za afya inayolipwa pamoja na ombi la viza ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa mwaka na 776 kwa mtoto, viwango vilivyoanza Februari 2024. Familia hiyo italipa pauni 7,244 kabla ya kuona theluji, bila kuhesabu ada ya viza yenyewe na nauli. Upo utaratibu wa kurejeshewa kwa wafanyakazi wa afya wanaotimiza masharti, lakini kwanza ulipe. Ukifika, mwenye nyumba England anaweza kudai dhamana ya hadi kodi ya wiki 5, na mshahara wa kwanza unatoka mwisho wa mwezi, mara nyingi ukiwa umekatwa kodi ya ziada hadi mamlaka ya kodi ikutambue. Hesabu fedha ya kujikimu miezi 2 kamili, kwa pauni, iliyo yako na si ya mkopo wa SACCOS.

Kuna akiba ndogo huko ambayo watu huiacha mezani. Mfuko wa pensheni wa NHS hurejesha michango kwa anayeondoka akiwa na uanachama wa chini ya miaka 2. Anayemaliza miezi 24 kamili hupoteza haki hiyo. Amua mapema kama utabaki ndani ya mfuko au utajitoa. Nyumbani nako, anayeendelea kulipwa mshahara ataendelea kukatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kama bado anadaiwa. Aliye kwenye likizo bila malipo hakatwi, ila deni linamngoja na michango yake ya PSSSF imesimama.

Kuhusu familia nina maoni ambayo hayapendwi sana: tangulia peke yako, wao wafuate baada ya miezi 2 au 3. Vyumba vya hospitali huwa vya mtu mmoja, nyumba haikodishwi vizuri kwa simu, na wiki za kwanza za zamu mpya si wakati wa kutafuta shule. Malezi ya mtoto mdogo asiyefika umri wa shule yanaweza kumeza mshahara wa mwenzi wako wote.

Neno kuhusu mawakala. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 yenye nchi 55 zinazohitaji kulindiwa watumishi wao wa afya, na Uingereza imewakataza waajiri wake kuja kuwinda watu katika nchi hizo. Mpango wa Medical Training Initiative unaruhusiwa kwa kuwa ni mafunzo ya kwenda na kurudi, na daktari anaweza kuomba mwenyewe. Sheria ya huko hairuhusu pia wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Anayekupigia WhatsApp akidai dola 500 za kushikilia nafasi yako, mfungie.

Wakurugenzi wa hospitali nao wana sehemu yao. Daktari anapoondoka na ruhusa ya miaka 2 isiyotaja atarudi kwenye kitengo gani, kwa cheo gani na kwa kifaa kipi, hospitali imetia saini ya kumpoteza. Mtumishi wa umma anafungwa na mkataba wa kurudi kazini; ni haki mkataba huo umfunge mwajiri pia, kwa ukurasa mmoja unaotaja chumba, mashine, wauguzi wawili na bajeti ya vifaa ya mwaka wa kwanza. Wizara inayogharimia ubingwa bobezi ingeweza kudai ukurasa huo kabla ya kutoa shilingi.

Nawe unayeomba, usingoje barua ya mtu. Anza mwezi huu na chanjo ya homa ya ini, na daftari la kazi lenye kila upasuaji uliofanya, tarehe, nafasi yako mezani na saini ya bingwa aliyekusimamia. Mabingwa hustaafu, na saini zao haziwezi kupatikana baadaye.